Kuweka kazi ya sanaa ya muda kwenye makaburi ya kale: mwongozo kamili, kuanzia kibali mpaka kufungasha

Naandika hii kwasababu maswali yamekuwa yaleyale. Msanii anakuja na wazo zuri kabisa, anataka kuliweka kwenye magofu yenye makaburi ya zamani, afu baada ya muda analalamika kibali kimegoma, au kazi imelala chini kwa upepo, au kuna doa la kutu kwenye kaburi la miaka mia tatu na hakuna anayejua limetoka kwa nani. Na wengi hawakwami kwasababu sanaa yao mbaya, hapana, wanakwama kwasababu walipanga jinsi ya kuiweka tu, jinsi ya kuitoa hakuna aliyeikalia kitako.

Historia ya sanaa humu hamna. Ni kazi ya mikono mwanzo mwisho. Nimeandika nikifikiria makaburi ya mawe ya matumbawe na chokaa ya pwani yetu, Kaole kule Bagamoyo, Kunduchi, Gede na Takwa za Kenya, na yale ya Unguja, lakini mambo mengi yanafanya kazi hata kwenye makaburi ya misheni huko bara.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Futi kamba ya mita 30 na nyingine ndogo ya fundi
- Pima maji, na uzi wa mwashi
- Simu yenye kamera nzuri, karatasi za kuchorea ramani, na kipande cha rula cha kuweka kwenye picha ili ukubwa uonekane
- Viroba vya sandarusi vilivyo wazi, vya kujaza mchanga (mchanga wa mto, wa baharini HAPANA, sababu iko chini)
- Plaiwudi na makapeti makuukuu ya kutandika chini ya kila kitu
- Kamba za katani au za pamba. Waya na soletepu viache nyumbani
- Mizani, hata ya kuazima kwenye duka la nafaka
- Tochi, ndoo za maji, glavu, ndala za raba au viatu vya soli laini kwa timu nzima
- Bajeti ya kuondoa, imetengwa pembeni na isiguswe. Hii ndio watu wanaisahau kuliko vyote

Huoni nyundo wala dreli kwenye orodha. Nimeziacha makusudi, na fundi wako akija nazo mwambie azifungie kwenye gari.

## Hatua ya 1: Anza na siku ya kuondoa

Kabla ya mchoro, kabla ya barua, andika ukurasa mmoja tu: kazi itatoka tarehe gani, nani ataitoa, itabebwa na gari gani, itapelekwa wapi, na pale chini patabaki vipi. Kama huwezi kuujaza huo ukurasa basi kazi yako bado haijawa ya muda, ni kazi ya kudumu ambayo haijakubaliwa.

Sababu ni ya kiufundi kabisa. Ukiweka kwanza swali la kutoa, maamuzi mengine yote yanajipanga yenyewe: hutochagua gundi kwasababu unajua itabidi uibandue, hutochimbia nguzo kwasababu itabidi ufukie shimo, na hutojenga kitu kizito cha kipande kimoja kwasababu kesho yake hakutakuwa na vijana kumi wa kukinyanyua, siku ya kufunga marafiki wote wanakuja, siku ya kutoa mnabaki wewe na dereva.

Ukurasa ukikamilika, mpe mtu asiyehusika asome. Akiweza kukueleza bila wewe kuongezea neno jinsi kazi itakavyotoka, uko vizuri, endelea.

## Hatua ya 2: Wajue wenye makaburi, na ni wengi

Hapa ndipo vibali vingi vinafia. Watu wanadhani mwenye makaburi ya kale ni serikali basi. Serikali ipo, ndio, lakini nyuma yake kuna watu.

Serikali. Tanzania bara kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na kaburi lililojengwa kabla ya mwaka 1863 linaangukia humo moja kwa moja hata kama hakuna kibao wala uzio. Unaanzia Idara ya Mambo ya Kale, Wizara ya Maliasili na Utalii. Zanzibar wana idara yao ya makumbusho na mambo ya kale na sheria zao, usiende Unguja na barua ya Dodoma ukadhani umemaliza. Kenya ni Makumbusho ya Taifa, chini ya sheria ya 2006. Na kama eneo liko ndani ya urithi wa dunia wa UNESCO, mfano Mji Mkongwe wa Zanzibar au Lamu, tegemea ngazi za ziada na muda wa ziada, usiwanunie, ndio utaratibu.

Wakfu na msikiti, au kanisa. Ardhi ya makaburi pwani mara nyingi ni wakfu. Zanzibar utaulizia Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, kwengine ni kamati ya msikiti wa jirani. Makaburi ya misheni ni parokia au dayosisi. Makaburi ya vita yana wenyewe, ile tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola iliyoanzishwa 1917, na wao wana utaratibu wao wa mawe, nyasi, mpaka maua, kwahiyo usiingie kule kama unaingia bustani ya manispaa.

Ukoo na jirani. Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, Zanzibar kwa sheha, muulize nani anafagia pale. Sio nani anamiliki, nani ANAFAGIA. Huyo ndio atakupeleka kwa wazee wanaojua kaburi lipi la nani.

Wanaozuru. Kaole kuna kaburi la Sharifa ambalo mpaka leo watu wanakwenda kuomba. Takwa kwenye kisiwa cha Manda, watu wa Shela bado wanavuka kwenda kusoma dua kwenye lile kaburi la nguzo. Kwenye ramani ya utalii yote hayo yameandikwa magofu. Ukiweka turubai lako la mita tatu katikati ya njia ya watu wa dua umeshaharibu, hata kama barua yako ina mihuri saba.

Jinsi ya kwenda kwa wazee: usiende na laptop. Nenda baada ya swala ya alasiri, ukiwa na mwenyeji, shikamoo zako zote zitoke, kaa kwenye mkeka, eleza kwa maneno ya kawaida. Neno instolesheni halisaidii mtu pale. Sema "tunataka kuweka vitambaa kwa siku 10, havitagusa kaburi hata moja, afu tunaondoa na kufagia". Swali la kwanza utakaloulizwa karibu kila mahali ni mtaondoka lini, na ule ukurasa wa hatua ya 1 ndio jibu lako, uutoe mfukoni uwaachie.

Maswali mengine ya kujiandaa nayo: kutakuwa na muziki? Kutakuwa na sanamu za watu au wanyama? Wanawake na wanaume watakaaje siku ya uzinduzi? Watu watapita juu ya makaburi? Usijibu "tutaangalia". Jibu ndio au hapana. Na kama kazi yako ni sanamu ya mtu, kwa makaburi ya Waislamu nakushauri tafuta sehemu nyingine kabisa, wala usianze kubishana na watu kwenye makaburi ya babu zao.

Ukiona wazee wameanza kukurekebishia mpango, "hapo usiweke, weka kule kwenye mkwaju, kule hakuna mtu amelala", jua umekubaliwa. Wakikwambia tu "sawa, hakuna shida" kwa haraka haraka na kuangalia pembeni, rudi tena siku nyingine.

## Hatua ya 3: Kagua uwanja kana kwamba ardhi yote ni kaburi

Ndio, yote. Makaburi unayoyaona yenye kuta na nguzo ni ya waliokuwa na uwezo, wengine walizikwa na jiwe moja kichwani na lingine miguuni, na mawe hayo yamezama au yamebebwa zamani. Kwahiyo sheria ya uwanja ni moja: hakuna kitu kinachoingia ardhini. Sio vigingi vya tent, sio kijiti cha kibao, sio msumari wa kufungia uzi. Ukihitaji kushikilia kitu, kishikilie kwa uzito.

Piga picha kila kaburi lililo ndani ya mita 10 za kazi yako, pande zote nne na juu, rula iwe ndani ya picha. Piga asubuhi au jioni jua likiwa la upande, maana nyufa zinaonekana vizuri na ndio ushahidi wako baadae ukiambiwa umevunja. Picha za saa sita mchana zinafuta kila ufa.

Unapozunguka, angalia:

Lipu inayolia. Gonga KIDOGO kwa kifundo cha kidole, usitumie chuma. Sauti ya uwazi ndani maana yake lipu imeshaachia, weka alama kwenye ramani na kaa mbali napo, hata mtikisiko wa jenereta unaweza kuidondosha.

Ule weusi na ukijivu kwenye mawe. Watu wanautaka usuguliwe ili picha zitoke safi. Mwingi ni viumbe hai, kuvu na mwani vilivyoshikana na jiwe, ukisugua kwa brashi unatoka na uso wa jiwe pia. Acha.

Vigae vya kaure na vyungu chini. Usiokote hata kimoja, hata cha "kuhifadhi". Mahali kilipo ni sehemu ya taarifa yake.

Na matundu ya duara kwenye nguzo. Makaburi mengi ya nguzo ya pwani yalikuwa na bakuli za Kichina zimepachikwa, nyingi ziling'olewa, yakabaki matundu. Kila baada ya muda kuna mtu anayaona anawaza kuweka taa ndogo ndani, na naelewa kabisa, linakaa kichwani kama wazo zuri sana. Tafadhali usifanye. Kuingiza na kutoa kunakwangua kingo za chokaa, na chokaa ile hairudi.

## Hatua ya 4: Chora kazi inayosimama yenyewe

Sasa ndio unachora. Kanuni zangu tatu za mezani: haigusi, haiegemei, ikianguka haifiki. Hiyo ya tatu inapimika. Chukua urefu wa kazi, ongeza nusu yake, huo ndio umbali wa chini kutoka kaburi la karibu. Kazi ya mita 2.5 inakaa karibu mita 3.75 mbali. Kama uwanja haukuruhusu, fupisha kazi, maana kaburi halisogei.

Mfano wa kuangalia kwa macho ya fundi: Green-Wood kule Brooklyn, New York, makaburi ya tangu 1838, mwaka 2017 msanii Mfaransa Sophie Calle aliweka mnara wa marumaru wenye tundu jembamba, mgeni anaandika siri yake kwenye karatasi anaitumbukiza. Mpango ni wa miaka 25, na siri zikijaa zinatolewa na kuchomwa kwa hafla. Unaweza kuipenda au usiipende, mi binafsi nadhani marumaru kwa kitu cha muda ni ukaidi kidogo, lakini tazama ilivyopangwa: inasimama peke yake, haidandii kaburi la mtu, kinachoingia ndani kina njia ya kutoka, na tarehe ya mwisho imetangazwa siku ya kwanza. Hata miaka 25 ni muda, ilimradi imeandikwa.

Kwa hapa kwetu vitu vinavyofanya kazi vizuri ni vitambaa kwenye fremu ya mirunda au skwea paipu, mikeka, sauti ya chini kutoka spika ndogo, vivuli, vyungu vilivyowekwa juu ya mbao. Vitu vya kutundika kwenye miti navyo vinawezekana ila uliza kwanza mti wenyewe ni wa nani, kuna mibuyu ina wenyewe zaidi hata ya makaburi.

## Hatua ya 5: Hesabu ya upepo (usiruke hii)

Kazi nyingi zinaanguka hapa, na zinaangukia makaburi. Pwani kuna kaskazi kuanzia kama Desemba mpaka Machi na kusi katikati ya mwaka, na kusi haina mchezo.

Upepo wa mita 15 kwa sekunde, yaani kilomita 54 kwa saa, unasukuma kitambaa kilichosimama wima kwa nguvu ya kama kilo 17 kwa kila mita moja ya mraba. Ukipanda mpaka mita 20 kwa sekunde inakuwa kama kilo 30. Mwendo ukiongezeka mara mbili nguvu inaongezeka mara nne, ndio maana kazi inakaa vizuri siku tano afu usiku wa sita inaruka.

Tuchukue kitambaa cha upana wa mita 1 na urefu wa mita 2, kimeanzia nusu mita kutoka chini. Eneo lake ni mita 2 za mraba, msukumo kilo 34. Katikati yake iko mita 1.5 juu. Kama kitako cha fremu kina upana wa mita 1.2, basi uzito wako uko sentimita 60 tu kutoka ukingo wa kuangukia. Hesabu inakuwa:

34 × 1.5 ÷ 0.6 = kilo 85

Hizo ni za kusawazisha tu. Zidisha mara mbili kwa usalama: kilo 170. Sasa panua kitako kiwe mita 2, urudie hesabu: 34 × 1.5 ÷ 1 = 51, mara mbili ni kilo 102. Umeona? Kupanua miguu ni rahisi kuliko kubeba mchanga, fundi wa kuchomelea ataongeza fleti baa mbili mmemaliza.

Uzito ni viroba. Kiroba cha mchele cha kilo 25 ukikijaza mchanga mkavu kiasi kilekile kinakaribia kilo 45, kwasababu mchanga ni mzito kuliko mchele. Kwahiyo pima kiroba kimoja kwenye mizani usikisie. Kwa fremu ya kwanza unahitaji vinne, kwa ya pili vitatu.

Mchanga uwe wa mto au wa shimo. Wa baharini una chumvi, mvua ikinyesha chumvi inashuka ardhini, inapanda na unyevu mpaka ndani ya jiwe na lipu, ikikauka inaganda kuwa chembe zinazovimba na kuisukuma lipu kutoka ndani. Huoni kitu wakati wa maonyesho. Lipu inaanza kudondoka baada ya miezi, na wewe ushasahau.

Kuhusu kutoboa matundu kwenye turubai "ili upepo upite": yanapunguza kidogo sana kuliko watu wanavyoamini. Kama unataka upepo upite kweli tumia neti ya kitalu, na hata hiyo ihesabu kama ni kitambaa kizima ndio ulale usingizi.

Jaribu fremu uwanjani kwako, au ufukweni, siku yenye upepo, masaa 24 kamili. Imesimama bila kusogea? Chora mstari kuzunguka miguu kabla, uone.

## Hatua ya 6: Vitu visivyoingia getini

Matumbawe na chokaa ni kitu kimoja kwa asili yake, ni kalsiamu kaboneti, na adui yake mkubwa ni tindikali. Siki, maji ya ndimu, dawa ya kusafishia choo, hata soda iliyomwagika, vyote vinalamba uso wa jiwe. Kwahiyo meza ya vinywaji vya uzinduzi inakaa nje ya uzio. Watakuona una roho mbaya, sawa.

Saruji hapana, hata "kidogo tu ya kushikilia". Ni ngumu kuliko chokaa, haipumui, inafungia maji ndani na ina chumvi zake.

Mishumaa hapana. Nta inazama kwenye vitundu vya jiwe na moshi unaacha weusi. Kama wenyeji wanafukiza ubani hiyo ni haki yao, wewe waandalie sinia pana la kuweka chetezo juu yake.

Chuma kisichopakwa rangi hapana, hata umbali wa mita moja, maana maji ya mvua yanaburuta kutu na doa la kutu kwenye chokaa halitoki. Paka rangi mkono wa kwanza na wa pili, na ncha za chini za miguu zivae vipande vya mpira wa tairi.

Rangi za vitambaa zijaribiwe: lowesha kipande usiku kucha juu ya karatasi nyeupe. Karatasi ikipata rangi, kitambaa hicho kifue tena au kibadilishe. Gundi, soletepu, chaki, maua ya plastiki yanayochuja rangi, vumbi la rangi la kurusha hewani, vyote vibaki nyumbani.

## Hatua ya 7: Faili la kibali

Barua peke yake haitoshi. Weka: ukurasa wa kuondoa (uwe wa KWANZA), ramani yenye vipimo, picha za hali ya sasa, hesabu ya upepo kama hivyo juu, orodha ya vifaa vyote na vinagusa nini, barua za wazee au kamati, jina na simu ya mtu mmoja anayewajibika saa 24, na kiasi kilichotengwa kwa dharura. Tanzania bara angalia pia usajili wako BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) uko hai, huwa wanauliza.

Kalenda: epuka masika, Machi mpaka Mei, ardhi ni laini na viroba vinazama. Epuka siku za Idi, watu wanakuja kuzuru. Makaburi ya Wakatoliki, Novemba 2 ni siku ya marehemu wote, familia zinakuja kusafisha na kuweka maua. Na hata ukiwa na kibali, mazishi yakitokea jirani kazi inafunikwa au inazimwa siku hiyo. Andika hilo ndani ya barua yako mwenyewe, usingoje kuambiwa.

Tuma mapema, mwezi mmoja ni ndoto, mitatu ni ya kuanzia. Afisa akirudi na maswali ya kiufundi, hiyo ni dalili nzuri, anakusoma.

## Hatua ya 8: Siku ya kufunga

Kwanza njia. Tandika makapeti na plaiwudi kutoka getini mpaka sehemu ya kazi, hakuna tairi wala toroli inayopita nje ya njia hiyo. Gari linabaki barabarani.

Pili waambie vijana wote pamoja, kabla hawajashika kitu: hakuna kukaa juu ya kaburi, hakuna kuegemeza ngazi, hakuna kuweka chupa ya maji wala kutundika shati kwenye nguzo. Hii ya shati inatokea kila mara, mtu amechoka, anaona nguzo imekaa vizuri, anatundika. Mpe kazi mtu mmoja ya kuangalia hilo tu, asibebe chochote.

Afu fremu, pima maji, viroba, na kitambaa kiwe cha mwisho kabisa. Ukianza na kitambaa upepo utakukuta umeshika tanga mkononi bila uzito chini. Viroba vifungwe kwenye miguu ya fremu kwa kamba, visiwekwe tu juu, maana vinateleza.

Ukimaliza zunguka na picha zako za hatua ya 3 ulinganishe kaburi moja moja.

## Hatua ya 9: Wakati kazi iko wazi

Mlinzi usiku lazima, na awe wa mtaani hapohapo. Wa kampuni kutoka mjini atakaa mpaka saa nne afu ataanza kusikia vitu, utamkuta barabarani chini ya taa. Wa mtaani anawajua walioko pale.

Taa ziwe chache, za sola, zikielekea chini, zizimwe saa mbili au tatu usiku. Wageni waingie kidogokidogo, weka kamba ya katani kuonyesha njia, ikae juu ya vijiti vilivyosimikwa kwenye makopo ya mchanga. Vibao vya maelezo navyo hivyohivyo, kwenye makopo.

Kila asubuhi: kaza kamba, pima kama miguu imesogea, angalia maji yaliposimama. Utabiri wa TMA (mamlaka ya hali ya hewa) ukitaja upepo mkali, shusha vitambaa jioni hiyo hiyo, fremu tupu haiumizi mtu. Usingoje kujadiliana kwenye grupu la WhatsApp, anayewajibika ashushe kwanza mengine baadae.

## Hatua ya 10: Kufungasha

Kinyume cha kufunga: kitambaa, viroba, fremu, njia. Viroba vibebwe vikiwa vimefungwa, msimwage mchanga pale hata kama mtu atawaambia "mwageni tu ni mchanga". Mchanga mgeni kwenye uwanja wa kale unamchanganya mtafiti atakayekuja kuchimba baada yenu.

Fagia kwa ufagio wa chelewa, mkono mwepesi, kwenye njia tu. Juu ya makaburi na kati yake hufagii, anayefagia siku zote ataendelea mwenyewe.

Nyasi zitakuwa zimelala na kugeuka njano chini ya plaiwudi, hiyo itarudi. Kisichorudi ni hiki: ukikuta doa, ufa mpya au kipande cha lipu kimeanguka, USISAFISHE na usikirudishie kwa gundi. Piga picha, kiache pale pale kilipoangukia, kizungushie kamba, pigia simu ofisi ya mambo ya kale siku hiyohiyo. Kuna watu wanaficha, na wanaficha kwa kusugua, ndio wanaongeza hasara mara tatu.

Mwisho piga tena picha zilezile kwa kona zilezile na jua lilelile la upande, ziweke mbilimbili, ya kabla na ya baada, tengeneza nakala tatu: ya ofisi, ya kamati, ya kwako. Msimamizi wa eneo na mzee mmoja wasaini mkiwa mmesimama palepale uwanjani, kabla gari halijaondoka. Mkisema mtasaini kesho ofisini, mtasaini mwezi ujao.